Petroli, dizeli au muundo mwingine: kuchagua injini ya ndege ndogo

Kabla ya kulinganisha silinda na gia, orodhesha viwanja unavyotua mara kwa mara, na mbele ya kila kimoja andika mafuta yanayouzwa hapo. Orodha hiyo hufuta nusu ya mjadala. Injini bora kuliko zote haina faida ikiwa mafuta yake lazima yaletwe kwa mapipa.

Petroli ya ndege yenye risasi, 100LL, huzalishwa kwa kiasi kidogo mno ukiilinganisha na Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti yaliyo jamii ya mafuta ya taa. Husafirishwa kwa vyombo vyake pekee ili isichafue mafuta mengine, na risasi inayotiwa ndani yake kwa soko la Magharibi hutoka kwa mtengenezaji mmoja, Innospec wa Uingereza. Sheria nazo zinaibana. Tangu tarehe 1 Mei 2025 Umoja wa Ulaya unataka idhini maalumu kwa matumizi ya kiambato hicho cha risasi, na jimbo la California limepitisha sheria ya kuzuia uuzaji wa petroli ya ndege yenye risasi kuanzia 2031. Zipo petroli mbadala: G100UL ilipata kibali cha mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, mwezi Septemba 2022, ingawa baadhi ya wamiliki wameripoti rangi kubabuka na viziba-tangi kulainika. Jet A-1, kwa upande wake, ipo kila mahali ndege ya abiria inapotua. Hiyo ndiyo hoja ya kwanza ya dizeli, nayo ni nzito kuliko hoja yoyote ya ufundi.

Hoja ya pili ni lita. Hapa watu wengi huchanganya lita na kilo, kisha wakatoa hesabu isiyo sahihi.

Hesabu ya mafuta na uzito

Chukua ndege inayosafiri kwa kilowati 80, yaani farasi (hp) 107 hivi, nguvu ya kawaida ya safari kwa ndege ya viti vinne. Injini ya petroli inayoendeshwa kwa mchanganyiko mzito, yaani wenye mafuta mengi kwa hewa iliyopo, hula takriban gramu 290 za mafuta kwa kila kilowati-saa. Ikiendeshwa na rubani anayejua kuupunguza mchanganyiko, hushuka hadi gramu 255 hivi. Dizeli ya ndege hukaa karibu na gramu 220.

Petroli kwa mchanganyiko mzito: kilo 23.2 kwa saa, sawa na lita 32. Petroli iliyopunguzwa vizuri: kilo 20.4, lita 28. Dizeli kwa Jet A-1: kilo 17.6, lita 22.

Tofauti ya lita ni kubwa kuliko ya kilo kwa sababu Jet A-1 ni nzito: lita moja ina uzito wa kilo 0.80 hivi, ilhali petroli ya ndege ni kilo 0.72. Kwa lita, Jet A-1 inabeba nishati zaidi kwa karibu asilimia 10. Kwa hiyo sehemu ya sifa ya dizeli hutoka kwenye mafuta yenyewe, si kwenye injini. Ukinunua kwa lita unafaidi zote mbili. Ukihesabu uzito wa kupaa unafaidi ile ya injini tu.

Sasa weka uzito wa injini. Dizeli iliyofungwa pamoja na rejeta, kipoza hewa ya turbo, kulanti (maji ya kupozea) na giaboksi huongeza kilo 30 hadi 60 juu ya injini ya petroli inayopozwa kwa hewa. Tuseme kilo 45. Ukilinganisha na rubani anayetumia mchanganyiko mzito, unaokoa kilo 5.6 kwa saa, na utahitaji saa 8 za kuruka bila kutua ili uzito wa ziada ujilipe. Ukilinganisha na rubani makini, ni saa 16. Ndege ndogo haikai angani muda huo. Dizeli haipunguzi uzito wa kupaa, hata kama tangazo linasema hivyo. Inachofanya ni kurefusha safari kwa tangi lilelile na kupunguza ankara ya mafuta.

| Injini | Nguvu | Mzunguko wa propela | Upoozaji | Mafuta |
|---|---|---|---|---|
| Lycoming IO-360-L2A | 180 hp | moja kwa moja, 2,700 kwa dakika | hewa | 100LL |
| Rotax 912 S | 100 hp | gia 2.43:1, injini 5,800 | maji kwenye vichwa, hewa kwenye silinda | petroli ya magari au 100LL |
| Continental CD-155 | 155 hp | gia 1.69:1 | maji | Jet A-1, dizeli |
| Austro AE300 | 168 hp | gia 1.69:1 | maji | Jet A-1 |
| SMA SR305 | 227 hp | moja kwa moja, 2,200 | hewa na oili | Jet A-1 |
| DeltaHawk DHK180 | 180 hp | moja kwa moja | maji | Jet A |

Silinda nne bapa za petroli

Injini za Lycoming na Continental za kupozwa kwa hewa, zenye silinda zilizolala pande mbili za kranki, ni teknolojia ya zamani, lakini usizidharau kwa hilo. Zinazunguka polepole, propela imefungwa moja kwa moja kwenye kranki, magneto mbili za kutoa cheche hazihitaji betri, na fundi wa uwanja wowote anajua kubadili silinda moja bila kuishusha injini. Muda unaopendekezwa kabla ya kufumuliwa ni saa 2,000 kwa O-320 na O-360 nyingi, na injini ikishafumuliwa huundwa upya, haitupwi.

Adui wake mkubwa ni kukaa bila kuruka. Kamshafti ya Lycoming, mhimili unaofungua vali, ipo juu ya kranki. Oili hutiririka chini, unyevu hubaki, kutu huanza kwenye ndewe za kamshafti na kwenye vikombe vya vali. Baada ya hapo chuma hukatika vipande vidogo ambavyo utavikuta kwenye filta ya oili. Kuiwasha chini kwa dakika 10 huzidisha unyevu. Iruke angalau saa moja huku oili ikifika nyuzi 80 hivi, au usiiwashe kabisa na uifungie vizuri.

Kuhusu risasi: matoleo yenye uwiano wa mgandamizo wa 8.5:1 bila turbo mara nyingi yana ruhusa ya petroli isiyo na risasi ya okteni (uwezo wa kuhimili mgandamizo bila kugonga) ya chini, kwa mujibu wa waraka wa huduma namba 1070 wa Lycoming. Tazama aina kamili ya injini yako mpaka herufi ya mwisho, maana O-360 moja inaweza kuruhusiwa na nyingine isiruhusiwe. Injini kubwa za silinda sita na zile zenye turbo ndizo zinazohitaji okteni 100 kweli. Mwenye ndege hizo ndiye anayepaswa kuhofia kutoweka kwa 100LL, si mwenye ndege ya mafunzo.

Dizeli zenye gia: asili ya gari, kazi ya ndege

Dizeli angani si jambo la juzi. Packard DR-980, yenye silinda tisa zilizopangwa kwa duara, iliruka Marekani mwaka 1928. Ujerumani nayo ilikuwa na Junkers Jumo 205, ya silinda sita na pistoni 12 zinazokutana katikati. Petroli ya okteni ya juu ilipopatikana kwa wingi dizeli zikasahaulika. Zilirudi mwanzoni mwa miaka ya 2000 pale kampuni ya Thielert ilipochukua injini ya Mercedes-Benz A-Class na kuipa cheti cha kurukia.

CD-155 ya leo ni kizazi cha kazi hiyo, na AE300 ya Austro, iliyopata cheti Ulaya mwaka 2009, imejengwa juu ya injini ileile ya Mercedes ya sentimita za ujazo 1,991. Hazina magneto, hazina plagi za cheche, hazina kabureta ya kuganda barafu, hazina wenzo wa mchanganyiko. Rubani ana wenzo mmoja tu wa nguvu. Kompyuta mbili huamua kiasi cha mafuta, shinikizo la turbo na pembe ya propela. Kwa mwanafunzi, na hasa kwenye ndege ya injini mbili, kazi hupungua sana.

Faida nyingine ni kimo. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kwenye uwanja wenye hewa ya kimo cha mita 1,500, Lycoming ya farasi 180 inabaki na 153 hivi, wakati CD-155 bado ina 155 zake. Pwani, asubuhi yenye baridi, petroli itakushinda kwenye mbio za kupaa. Nyanda za juu mchana wa joto, zinalingana au dizeli inatangulia. Anayelinganisha farasi wa kwenye karatasi bila kutaja kimo cha uwanja wake bado hajalinganisha kitu.

Udhaifu wa dizeli hizi hauko ndani ya silinda. Uko pembeni mwake, na hapa inafaa kukaa kidogo.

Kwanza, mtetemo wa msokoto. Dizeli hubana hewa kwa uwiano wa karibu 18:1, na shinikizo la juu ndani ya silinda ni mara mbili au zaidi ya lile la petroli. Kila mwako ni pigo kali kwenye kranki, na silinda zikiwa nne tu kuna nafasi tupu kati ya pigo na pigo. Propela ya chuma yenye uzito mkubwa hujibu kwa kupinda mbele na nyuma, meno ya gia hugongana, na vyuma huchoka. Ndiyo sababu dizeli hizi hufungwa propela za mbao na nyuzi, kama zile za MT-Propeller ya Ujerumani, na katikati huwekwa kifaa cha kumeza mtetemo. Thielert ilitumia klachi. Austro ikaweka kizuia mtetemo kwenye gurudumu la kranki bila klachi. Wazo la kuchukua propela ya aluminiamu uliyo nayo ghalani na kuifunga kwenye dizeli liachwe hapo hapo.

Pili, vipuri vyenye kikomo. Matoleo ya mwanzo ya Thielert yalitaka giaboksi itolewe na kupelekwa kiwandani kila saa 300. Muda huo umerefushwa hatua kwa hatua, lakini giaboksi, pampu ya shinikizo kubwa, alteneta na vifaa vingine bado vina saa zao. CD-155 ina saa 2,100, na ikizifikisha hubadilishwa nzima. Haifumuliwi na fundi wa jirani. AE300 ilianza na saa 1,000 na ikafikishwa 1,800. Kwa hiyo gharama ya saa moja ihesabu hivi: lita za saa moja mara bei ya lita, jumlisha bei ya injini mpya ukigawa kwa saa zake za maisha, jumlisha kila kipuri cha katikati ukigawa kwa kikomo chake. Wengi husahau kipengele cha mwisho, na ndicho kilichowaumiza wamiliki wa mwanzo. Thielert ilipofilisika Aprili 2008, msimamizi wa mufilisi hakuheshimu dhamana zilizokuwapo, na waliokuwa wamenunua kwa ahadi ya vipuri vya bure wakajikuta wanalipa kila kitu. Mwaka 2013 mali zake zilinunuliwa na kampuni ya AVIC ya China na kuwekwa chini ya Continental.

Tatu, umeme. Kompyuta ikikosa volti, injini inazima. Mfano unaofundishwa hadi leo ni wa Speyer, Ujerumani, Machi 2007. Betri ya Diamond DA42, ndege ya injini mbili, ilikuwa imeisha, injini zikawashwa kwa umeme wa nje, ndege ikapaa, na rubani alipokunja magurudumu mota yake ilivuta umeme mwingi hata volti zikashuka. Kompyuta za injini zote mbili zikajizima na kujiwasha upya, propela zikajigeuza ukingo kwenye upepo, na ndege ikarudi chini bila nguvu. Baada ya hapo betri za akiba za kompyuta zikawa sehemu ya mfumo. Kanuni ya vitendo inabaki: betri iliyokufa haiongezewi moto ili uondoke, itolewe ichajiwe au ibadilishwe. Na jaribio la kompyuta A na B kabla ya kupaa lisirukwe. Ikitokea taa ya onyo ikawaka kisha ikazimika yenyewe, usiifute. Fundi asome kumbukumbu ya kompyuta kwanza.

Nne, turbo na kulanti. Bomba la mpira la kipoza hewa likichomoka, nguvu hushuka mara moja na moshi mweusi hutoka kwa sababu mafuta yanazidi hewa. Kabla ya kuzima, acha injini izunguke polepole kwa dakika mbili ili turbo ipoe, la sivyo oili hugeuka makaa kwenye bering zake. Kulanti ikipungua bila kuonekana inapovujia, shuku kichwa cha silinda kabla ya kuongeza maji kwa mara ya tatu.

Dizeli bila gia

Njia nyingine ni kuikwepa gia kabisa. SMA ya Ufaransa ilitengeneza SR305, silinda nne bapa za lita 5, inayozunguka mara 2,200 tu kwa dakika na kupozwa kwa hewa na oili. Ilifungwa kwenye Cessna 182 kadhaa kwa vibali vya mabadiliko. Cessna ilitangaza 182 ya dizeli yenye injini hiyo mwaka 2012, kisha ikaiacha bila kuifikisha sokoni. Silinda kubwa nne za dizeli zenye mzunguko wa polepole maana yake ni mapigo mazito, na propela, mlingoti wa injini na bodi vyote huyahisi.

DeltaHawk ya Marekani ilipata cheti cha FAA mwaka 2023, baada ya zaidi ya miaka 20 ya maendeleo. Ni ya mipigo miwili, silinda nne za umbo la V lililogeuzwa juu chini. Mipigo miwili inatoa mwako kwenye kila mzunguko, hivyo mapigo ni mengi zaidi na laini zaidi kuliko dizeli ya mipigo minne yenye silinda idadi hiyohiyo. Haina vali. Mafuta husukumwa kwa pampu ya kimekanika, kwa hiyo ikishawaka haihitaji umeme wowote. Kwa waliosoma kisa cha Speyer hilo lina uzito. Ila injini ya mipigo miwili ya aina hii haiwezi kuvuta hewa yenyewe: inahitaji kipuliza kinachoendeshwa na kranki ili iwake, pamoja na turbo ya kuendelea nayo. Kipuliza kikifa, turbo pekee huenda isitoshe kuiwasha upya. Historia yake ya saa nyingi kwenye mikono ya wateja bado ni fupi, na mtu anayetaka ndege ya kazi kesho asubuhi ana haki ya kungoja.

Miundo mingine ya dizeli ni mingi kwenye maonyesho kuliko angani. Zoche ya Ujerumani ilivutia watu tangu miaka ya 1980 bila kufika sokoni. Wilksch WAM-120 ya Uingereza, silinda tatu zilizopinduliwa, iliruka kwenye ndege za kujiundia. Pistoni zinazokutana katikati, mtindo wa Junkers, zinaendelea kufufuliwa kila baada ya miaka michache. Muundo una mantiki nzuri: hakuna kichwa cha silinda cha kupoteza joto. Lakini una kranki mbili za kuunganisha, na pistoni ya upande wa kutolea moshi huungua kwa joto. Usilipe amana kwa injini isiyo na cheti wala ratiba ya vipuri.

Rotax

Kwa ndege za viti viwili mjadala mara nyingi huishia hapa. Rotax 912 S, injini ndogo ya petroli, ina uzito wa kilo 60 hivi ikiwa tupu, hutoa farasi 100, na kwa asilimia 75 ya nguvu hutumia lita 18.5 kwa saa. Inakunywa petroli ya magari yenye okteni 95, ambayo ni rahisi kupata kuliko mafuta yoyote ya ndege. Hakuna dizeli inayoikaribia kwa uzito katika nguvu hiyo. Kwa mwenye kutaka zaidi kuna 915 iS ya farasi 141 na 916 iS ya farasi 160, zote zenye turbo na kompyuta, ambazo sasa zinaingia kwenye eneo lililokuwa la Lycoming.

Inadai adabu yake. Ukiiacha izunguke chini ya mara 1,400 kwa dakika ndege ikiwa imesimama, meno ya gia yatagongana mpaka yalike. Kabla ya kupima oili, zungusha propela kwa mkono kuelekea upande wake wa kawaida mpaka usikie tangi la oili likigugumia. Bila hivyo kijiti kitakudanganya. Usipaishe kabla oili haijafika nyuzi 50. Mabomba ya mpira hubadilishwa kila miaka mitano hata kama yanaonekana mapya. Kabureta mbili zisipolingana injini hutetemeka na giaboksi hulipa deni. Na ukiilisha 100LL mara nyingi, risasi hujikusanya kwenye tangi la oili na giaboksi, kwa hiyo badili oili kila saa 25 badala ya 50. Mchanganyiko wa ethanoli hadi asilimia 10 injini inaukubali. Matangi, mipira na viziba vya ndege yako ni suala jingine, na jibu lipo kwa mtengenezaji wa ndege, si wa injini.

Injini za magari, Wankel, turbini na umeme

Injini ya gari, Subaru kwa mfano, hushawishi kwa bei. Chuma chake kikuu mara chache ndicho kinachoharibika. Kinachoangusha ndege ni kile alichoongeza mjenzi: gia au mkanda wa kupunguza mzunguko, rejeta iliyowekwa mahali pasipopita hewa, waya na mfumo wa mafuta. Ukiamua, nunua mfumo mzima ambao tayari umeruka kwenye ndege kama yako na usibadili kitu. Ni kwa ndege za kujiundia tu.

Wankel, injini ya rota inayozunguka, haina vali wala pistoni zinazopanda na kushuka, hutetemeka kidogo, na mara nyingi ikichakaa hupoteza nguvu pole pole badala ya kukatika. Inafaa sana kwenye glaida, ndege za kuelea hewani, zenye injini ya kukunjwa, kama Schleicher ASH 26 E, ambako inatumika dakika chache tu. Kwa safari ndefu hula mafuta zaidi ya pistoni, sili za ncha za rota huchakaa, na moshi wake ni wa moto kiasi kwamba mafla za kawaida hupasuka. Wankel ya gari, Mazda 13B, inahitaji pia gia ya kupunguza mzunguko.

Turbini ndogo hutumia Jet A-1 bila masharti ya seteni (wepesi wa mafuta kujiwasha), ni nyepesi, na karibu haitetemeki. Lakini katika ukubwa huu hula gramu 400 au zaidi kwa kilowati-saa. Turbotech ya Ufaransa imejaribu kuliponya tatizo hilo kwa kirejesha joto, kifaa kinachopasha hewa inayoingia kwa joto la moshi. Kwa ndege inayosafiri chini ya mita 3,000, turbini bila kirejesha joto itamaliza tangi karibu mara mbili ya kasi ya dizeli.

Umeme: Pipistrel Velis Electro ilipata cheti cha Ulaya mwaka 2020. Betri zake za kilowati-saa 24.8 zinafanya kazi sawa na lita 6 hadi 7 za Jet A-1 ndani ya dizeli. Kwa mizunguko ya mafunzo karibu na uwanja inatosha. Kwa safari, haitoshi.

Mafuta: mahali pa makosa ya kweli

Jet A-1 kwenye injini ya petroli ni hatari ya kifo. Petroli iliyobaki kwenye mabomba huiwezesha ndege kuwaka, kutembea na kupaa; kisha mchanganyiko unafika, injini inagonga vibaya, na inakufa wakati wa kupanda. Rangi ya buluu ya 100LL haitoshi kukulinda kwani mchanganyiko bado unaweza kuonekana buluu. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli hukauka bila alama, Jet A-1 huacha duara la mafuta. Mdomo mpana wa bomba la Jet umeundwa usiingie kwenye tundu jembamba la tangi la petroli. Uwanja ukitumia mdomo mwembamba wa kubadilisha, kinga hiyo haipo tena, hivyo rubani asimame hapo hapo wakati wa kujaza. Ndege zenye jina moja na matoleo mawili, ya petroli na ya dizeli, ndizo zinazowachanganya wajazaji. Neno "turbo" lililoandikwa ubavuni nalo limewahi kueleweka kuwa ni turbini.

Petroli kwenye dizeli huua pia, kwa njia nyingine: haina ulainishaji wa pampu wala seteni ya kujiwasha. Ukigundua kabla ya kuwasha, toa mafuta yote na usizungushe injini hata kidogo. Ukigundua baada, pampu na injekta zikaguliwe.

Dizeli ya pampu za magari inaruhusiwa kwa CD-155 ikiwa ni ya kiwango cha Ulaya cha EN 590, na kitabu cha ndege ndicho chenye neno la mwisho. Kabla ya kuichagua, zingatia mambo haya. Jet A-1 haigandi mpaka nyuzi 47 chini ya sifuri, ilhali dizeli ya kawaida hufanya ukungu wa nta mapema mno na kikomo chake kitabuni kipo karibu na sifuri. Ukichanganya hizo mbili tangini, fuata kikomo cha dizeli. Dizeli ya magari inaweza kuwa na mafuta ya mimea hadi asilimia 7, ambayo huvuta maji na kulisha vijidudu, wakati Jet A-1 hairuhusiwi kuwa nayo zaidi ya miligramu 50 kwa kilo. Kwa upande mwingine, Jet A-1 haina kiwango cha chini cha seteni kwenye masharti yake, na baadhi ya mafuta ya ndege ya kutengenezwa yana seteni ya chini sana. Turbini haijali, dizeli hugoma kuwaka kwenye kimo cha baridi. Ulainishaji wake pia ni mdogo, ndiyo maana pampu za shinikizo kubwa zina saa zilizohesabiwa.

Kwa dizeli, kumimina maji ya chini ya tangi kabla ya safari ni muhimu kuliko kwa petroli, maana maji hukaa kwenye Jet A-1 muda mrefu kabla ya kushuka. Subiri baada ya kujaza. Ukiona utando mweusi au wa kahawia, hao ni vijidudu, na dawa yao ipimwe kwa vipimo vya mtengenezaji. Airbus A321 iliyotoka Gatwick Februari 2020 ilipata matatizo ya injini zote mbili baada ya dawa ya vijidudu kutiwa mara 38 ya kipimo.

Nani achukue nini

Shule inayorusha kila ndege saa 600 kwa mwaka, kwenye uwanja wenye Jet A-1 na fundi aliyefunzwa: dizeli yenye gia. Akiba ya lita 10 kwa saa ni lita 6,000 kwa mwaka kwa ndege moja, na saa za injini zinaisha kabla haijazeeka. Mmiliki wa saa 60 kwa mwaka anaokoa lita 600 tu, na kikomo cha miaka cha vipuri kinaweza kumfikia kabla ya saa. Huyo abaki na petroli, isipokuwa 100LL haipatikani kabisa anakoruka. Kubadili ndege ya zamani kutoka petroli kwenda dizeli kwa mtu wa saa hizo hakulipi.

Ndege ya viti viwili: Rotax. Sioni sababu ya kuzunguka. Ndege ya injini mbili ya mafunzo: dizeli tena, kwa ajili ya wenzo mmoja na matumizi ya chini. Ndege nzito ya silinda sita inayohitaji okteni 100: ngoja petroli isiyo na risasi yenye kibali kwa injini yako, maana dizeli ya kuijaza nafasi hiyo ni nzito na chaguo ni chache.

Ukinunua dizeli iliyotumika, omba kabla ya yote karatasi nne: saa za injini, saa za giaboksi, saa za pampu ya shinikizo kubwa, na nakala ya kumbukumbu ya kompyuta. Tazama pia tarehe za mabomba na betri ya akiba. Muuzaji akileta ya kwanza tu na kusema nyingine ziko kwa fundi, piga bei kana kwamba vyote hivyo vimekwisha.